Nyangumi wa Baja California: Adui wa Jana, Jirani wa Leo

Wengi wetu tukaao bara tumezoea kumtazama kiboko. Askari aliyepata kufanya kazi karibu na mbuga ya Malkia Elizabeth aujua Mfereji wa Kazinga uunganishao Ziwa George na Ziwa Edward, mahali ambapo mashua ya wageni hupita polepole huku viboko wakiinua vichwa, wakipuliza maji puani, kisha wakizama tena. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mnyama huyo ana ndugu yake baharini. Wataalamu waliochunguza mifupa na chembe za urithi wamethibitisha kwamba, miongoni mwa wanyama wote walio hai leo, kiboko ndiye aliye karibu zaidi kwa nasaba na nyangumi. Mababu zao waliachana zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Mmoja akabaki katika mito na maziwa, mwingine akaingia baharini asirudi tena nchi kavu.

Makala haya yamhusu huyo ndugu wa baharini, na hasa nyangumi wa kijivu wa pwani ya Meksiko. Tutaeleza jinsi watu wanavyosafiri kwa meli ndogo kwenda kumtazama, jinsi alivyokaribia kumalizwa na binadamu, na jinsi alivyopewa ulinzi akaongezeka. Habari zenyewe ni za mbali, lakini ndani yake mna jambo limpasalo kila mtu aliyekabidhiwa silaha na sheria ili ayalinde yaliyo mali ya wote.

MELI NDOGO NA KAZI YAKE

Zipo meli za anasa zenye ukubwa wa mji, zichukuazo abiria maelfu, zenye maduka na kumbi za ngoma. Meli tunayoizungumzia hapa si ya namna hiyo. Hii ni meli fupi, yenye kina kidogo chini ya maji, ichukuayo kwa kawaida abiria wasiozidi mia moja, pamoja na mabaharia na wataalamu wachache wa viumbe. Kwa kuwa ni ndogo, huweza kuingia katika ghuba nyembamba na kutia nanga karibu na visiwa visivyo na bandari. Ubavuni huwa na mashua za mpira, nazo ndizo zichukuazo abiria kumi au kumi na wawili kwenda ufukweni.

Mtu anayekumbukwa zaidi kwa kuanzisha safari za aina hii ni Lars-Eric Lindblad, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani. Mwaka 1966 aliwapeleka watalii Antaktika kwa meli ya kukodi kutoka Argentina, na mwaka 1969 akaanza kuitumia meli yake mwenyewe iliyojengwa Finland kwa kazi hiyo, iitwayo Lindblad Explorer. Meli hiyo iliendelea kusafiri, baadaye ikiwa chini ya wamiliki wengine, hata tarehe 23 Novemba 2007 ilipogonga barafu karibu na Antaktika ikazama. Watu wote 154 waliokuwamo waliokolewa, jambo ambalo kila mwanajeshi aliyefundishwa nidhamu ya hatari atalipima thamani yake.

Upande wa Meksiko, walikuwako watangulizi wengine. Mwaka 1940 mwandishi wa Marekani John Steinbeck na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya baharini, walikodi mashua ya wavuvi wa sadini iitwayo Western Flyer, wakazunguka Ghuba ya California kwa muda wa kama wiki sita wakikusanya na kuchunguza viumbe vya pwani. Hawakuwa na anasa yoyote. Hata hivyo waliuonyesha ulimwengu kwamba chombo kidogo, chenye watu wenye subira, huweza kuona mengi kuliko meli kubwa ipitayo mbio.

ZAMU YA KUTAZAMA

Baja California ni rasi ndefu na nyembamba, yenye urefu wa kama kilomita 1,250, ishukayo kusini kutoka mpaka wa Marekani. Magharibi yake ni Bahari ya Pasifiki. Mashariki ni Ghuba ya California. Nchi yenyewe ni jangwa la mawe na dungusi, lakini maji yanayoizunguka yana rutuba ya ajabu, kwa sababu upepo na mikondo huyapandisha juu maji baridi ya kilindini, nayo huja na chakula cha viumbe wadogo. Wadogo huliwa na dagaa, dagaa huliwa na samaki wakubwa, ndege na pomboo. Basi meza ya Mungu huwa imeandaliwa.

Katika meli ndogo siku huanza alfajiri. Abiria husimama kwenye sitaha ya mbele, kila mmoja na darubini yake, wakiyatazama maji kwa zamu kama walinzi langoni. Ili wasibabaike katika kuelekezana, hutumia uso wa saa, utaratibu ambao askari wetu waujua vema. Omo ya meli ni saa sita. Kulia kabisa ni saa tisa. Nyuma ni saa kumi na mbili. Kushoto kabisa ni saa tatu. Mtu akipaza sauti, “Pumzi, saa nane!” wote hugeuza macho mahali pamoja bila kuulizana.

Kinachotafutwa kwanza si mwili wa nyangumi bali pumzi yake. Nyangumi si samaki. Ana damu ya moto, huzaa, hunyonyesha, na hana budi kupanda juu kuvuta hewa. Atoapo pumzi, mvuke huruka juu kama moshi wa bunduki ya zamani. Pumzi ya nyangumi wa kijivu hufika urefu wa mita tatu hadi nne, na ukiitazama kwa mbele waweza kuiona ina umbo la moyo, kwa kuwa pua zake ni mbili. Kwa kawaida hupumua mara tatu hadi tano mfululizo, kisha huinua mkia, huzama, na kukaa chini kwa muda wa dakika tatu hadi tano. Mtazamaji mwenye subira huhesabu dakika hizo, akajua wapi pa kutazamia tena.

Ndani ya ghuba yapo mengine ya kuonwa. Karibu na mji wa Loreto, katika miezi ya Februari na Machi, hupita nyangumi wa buluu awezaye kufikia urefu wa mita 30, mnyama mkubwa kuliko wote waliopata kuishi duniani. Kusini zaidi, kwenye miamba ya Los Islotes, simba-bahari hulala juani wakikoromeana, na watoto wao huingia majini kucheza na waogeleaji. Taa, yaani yule samaki bapa, huruka hewani kwa makundi na kuanguka kwa kishindo. Pomboo huja kwa mamia kuongozana na omo ya meli.

Kwa msafiri asiyezoea bahari, neno moja la nyumbani: asipande chomboni na tumbo tupu wala lililojaa kupita kiasi, ale chakula chepesi, akae katikati ya chombo, na akazie macho mstari wa upeo badala ya kusoma kitabu. Tangawizi huwasaidia wengi. Koti la kuelea lisivuliwe katika mashua kwa sababu tu ya joto.

MAMA ASAFIRIYE NA NJAA

Nyangumi wa kijivu aliyekomaa huwa na urefu wa mita 13 hadi 15, na uzito wake huweza kupita tani 30, yaani kama madume matano ya tembo kwa pamoja. Lakini chakula chake ni wadudu wadogo wa majini waishio katika tope. Hulala ubavu chini ya bahari, huvuta tope kinywani, kisha hulichuja kwa mabamba magumu kama ukucha yenye nyuzi, yaliyopangwa kinywani mahali pa meno.

Chakula hicho hukipata kaskazini sana, katika bahari za Bering na Chukchi kati ya Alaska na Urusi. Majira ya baridi yakikaribia huanza safari ya kusini, akifuata pwani ya Amerika hata Baja California. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 16,000. Ni kama mtu aliyetoka Kampala kwenda Mombasa na kurudi mara saba, kila mwaka, tena kwa kuogelea.

Kina mama huja Meksiko kwa sababu ya watoto. Hapo mna vidimbwi vikubwa vya maji ya chumvi vinavyounganishwa na bahari kwa milango myembamba: Ojo de Liebre, San Ignacio, na Ghuba ya Magdalena. Maji yake ni matulivu, na ni vigumu kwa nyangumi muuaji kuingia humo kuvizia. Mimba huchukua karibu mwaka mzima au zaidi kidogo. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita kama nne na nusu, na uzito wa kilo 700 hadi 900. Maziwa ya mama yake ni mazito mno. Karibu nusu yake ni mafuta, ambapo maziwa ya ng'ombe hayapati hata asilimia 5. Na jambo la kuwafikirisha akina mama wote ni hili: katika miezi hiyo mama mwenyewe karibu hali kitu. Hunyonyesha kwa akiba ya mafuta aliyoyaweka mwilini wakati wa kiangazi kaskazini. Akiba ikiwa haba, mama hudhoofika na mtoto pia.

MIAKA YA DAMU

Usalama wa vidimbwi hivyo uligeuka kuwa mtego. Katika majira ya baridi ya mwaka 1857, nahodha wa Marekani Charles Melville Scammon aliingia Ojo de Liebre kuwinda nyangumi. Wakati huo mafuta ya nyangumi yalikuwa yakiwasha taa za miji mikubwa. Wawindaji waligundua kwamba wakimjeruhi mtoto, mama hakimbii. Hukaa karibu naye hata auawe. Lakini mama huyo hakufa kirahisi. Alizigeukia mashua akazivunja, akawajeruhi mabaharia, ndiyo maana wakampa jina baya la “samaki shetani”. Basi wakabuni hila nyingine: waliziweka mashua katika maji haba asipoweza kufika, wakamfyatulia mikuki yenye baruti apitapo.

Habari za mahali hapo hazikufichika. Meli nyingi zilifuata, na katika miaka michache vidimbwi vilikuwa karibu vitupu. Karne ya 20 ilipoanza, ilidhaniwa kwamba mnyama huyu amekwisha. Katika Bahari ya Atlantiki alikwisha kweli, tangu karne ya 18, na hata leo hakuna kundi lake huko.

Upande wa Pasifiki, hata hivyo, walibaki wachache. Mwaka 1937 mataifa kadhaa yalitia sahihi mapatano mjini London ya kukataza kumwua nyangumi wa kijivu, na mapatano ya mwaka 1946 yakauendeleza ulinzi huo, wakiachiwa wenyeji wachache wa kaskazini, kama wale wa Chukotka nchini Urusi, idadi maalumu kwa chakula chao. Mwaka 1972 serikali ya Meksiko ilikifanya kidimbwi cha Ojo de Liebre kuwa mahali pa hifadhi, na mwaka 1979 ikafuata San Ignacio. Idadi iliongezeka pole pole, hata mwaka 1994 Marekani ikaliondoa kundi hilo katika orodha yake ya wanyama walio hatarini kutoweka.

MKONO WA MVUVI

Sheria peke yake haiwezi kuondoa hofu moyoni mwa watu. Wavuvi wa San Ignacio waliendelea kumwogopa nyangumi. Wakimwona, waligonga mbao za mashua ili awasikie na kujitenga, kisha wakaondoka haraka.

Mwaka 1972 mvuvi mmoja, Francisco Mayoral, ambaye wenyeji walimwita Pachico, alikuwa akivua na mwenzake nyangumi mkubwa alipokuja kando ya mashua yao. Hakuondoka. Alizunguka, akapita chini, akajisugua kwenye chombo. Wale watu wawili walikuwa na hofu kubwa, wala hapakuwa na njia ya kukimbia. Mwishowe Pachico alinyosha mkono, akagusa kwa kidole, kisha kwa kiganja kizima. Mnyama alitulia. Mvuvi huyo aliishi hata mwaka 2013, na tangu siku ile hakuacha kuwaeleza watu kwamba yule waliyemwita shetani hana ubaya na asiyemchokoza.

Kutokana na mkono ule ilizaliwa kazi mpya. Leo, kuanzia Januari hata Aprili, wageni hupelekwa ndani ya vidimbwi kwa mashua za wavuvi wa mahali hapo wenye leseni. Hata meli ndogo itiayo nanga katika Ghuba ya Magdalena huwakabidhi abiria wake kwa wenyeji hao. Kwa njia hiyo fedha huingia katika nyumba za kijiji. Kanuni ni kali: idadi ya mashua ziwezazo kuwa mahali pamoja ina mpaka, hairuhusiwi kumfukuza nyangumi, kumkatia njia mbele, wala kupita kati ya mama na mtoto. Mashua husimama, mtambo hupunguzwa, na watu hungoja. Nyangumi akitaka, atakuja. Asipotaka, hakuna wa kumlazimisha. Na mara nyingi huja. Mama huonekana akimsukuma mtoto wake kuelekea mkononi mwa binadamu, na wataalamu hawajakubaliana kwa nini hufanya hivyo.

Ulinzi huo ulipata kujaribiwa. Katika miaka ya 1990 kampuni ya chumvi, iliyomilikiwa wakati huo na serikali ya Meksiko pamoja na kampuni ya Mitsubishi ya Japani, ilitaka kujenga kiwanda kikubwa San Ignacio. Wavuvi, wataalamu na watu wa nchi nyingi walipinga. Tarehe 2 Machi 2000 Rais Ernesto Zedillo alitangaza kwamba mpango huo umefutwa.

Habari kama hiyo ilitokea kusini mwa rasi hiyo, katika kijiji cha Cabo Pulmo. Samaki walipopungua, jamaa za wavuvi ziliomba wenyewe bahari yao ifungwe, na mwaka 1995 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wataalamu waliopima kati ya mwaka 1999 na 2009 waliona kwamba uzito wa samaki mahali hapo uliongezeka zaidi ya mara nne.

WANAMAJI KATIKA ULINZI

Tusidhani, ndugu wasomaji, kwamba vita hivyo vimekwisha. Katika ncha ya kaskazini ya Ghuba ya California huishi nguruwe-bahari mdogo, ndugu wa pomboo, aitwaye vaquita, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni “ng'ombe mdogo”. Urefu wake hauzidi mita moja na nusu, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa kama 567. Uchunguzi wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba walioonekana ni 10 hadi 13. Ule wa mwaka 2024, ni 6 hadi 8.

Hakuna anayemwinda vaquita kwa makusudi. Anakufa katika nyavu za jarife zinazotegwa kwa ajili ya samaki mwingine mkubwa, totoaba, ambaye kibofu chake cha hewa huuzwa kwa magendo nchini China kwa bei kubwa mno. Mnyama huyu mdogo akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta hewa, naye hufa. Nyavu hizo zimekatazwa, lakini faida ya magendo imewafanya watu wajasiri kuliko sheria. Kwa hiyo ulinzi umewaangukia wanamaji wa Meksiko. Hufanya doria, huondoa nyavu, na mwaka 2022 walizamisha chini ya bahari matofali makubwa 193 ya saruji yenye ndoana za chuma, ili kila wavu utakaotegwa hapo unaswe na kuharibika. Maisha ya aina nzima ya mnyama yamo mikononi mwa askari wachache wafanyao zamu ya usiku.

Na nyangumi wa kijivu mwenyewe amepatwa na dhiki mpya. Mwaka 2016 walikadiriwa kuwa kama 27,000. Kisha, kati ya mwisho wa mwaka 2018 na mwaka 2023, mizoga mingi ilitupwa pwani kutoka Meksiko hadi Alaska, mingi yake ikiwa imekonda. Hesabu ya mwaka 2023 ilishuka hata kama 14,500. Wataalamu walisema kwamba sababu kubwa ni mabadiliko ya bahari za kaskazini, ambako barafu imepungua na chakula cha nyangumi kimepungua pamoja nayo. Kumbe bunduki ikinyamaza, njaa yaweza kuendelea na kazi yake.

FUNDISHO KWETU

Safari za meli ndogo ni ghali, na wengi wetu hatutazipanda. Lakini si lazima kwenda Meksiko ili kumwona nyangumi. Kuanzia Julai hata karibu Oktoba, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za Antaktika kuja kuzaa katika maji ya joto ya Afrika Mashariki, nao huonekana Watamu nchini Kenya na kando ya visiwa vya Tanzania. Kisiwani Mafia huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote. Kizimkazi, Unguja, wamo pomboo. Na huko imeonekana kwamba mashua nyingi zikiwafukuza kwa pamoja, pomboo hukosa raha ya kupumzika na kula. Kanuni ya San Ignacio, ya kusimama na kungoja, yafaa huko pia; nayo yafaa Kazinga mbele ya kiboko mwenye mtoto.

Sisi katika Uganda hatuhitaji kuambiwa maana ya mnyama kwisha. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, bunduki za vita ziliingia mbugani, tembo wakachinjwa kwa ajili ya pembe, na kufikia mwaka 1983 hapakuwa na faru hata mmoja aliyebaki mwituni nchini. Kuanzia mwaka 2005 faru weupe waliletwa kutoka nje na kuwekwa katika hifadhi ya Ziwa, wilaya ya Nakasongola. Wamezaana, na sasa wamepita 30. Lakini kila mmoja wao ana mlinzi usiku na mchana. Ni gharama kubwa kurudisha kilichopotea, kuliko kukilinda kingali kipo.

Basi mzazi akiulizwa na mtoto wake kwa nini askari alinde mnyama asiyemfaa kwa kitoweo, amweleze habari za mama wa San Ignacio. Babu zake wale nyangumi waliuawa katika maji yale yale kwa sababu hawakutaka kuwaacha watoto wao. Leo wajukuu huwaleta watoto wao kando ya mashua za binadamu bila hofu. Amani hiyo ililetwa na watu walioandika sheria, na watu waliosimama zamu kuilinda, na mvuvi mmoja aliyethubutu kunyosha mkono mtupu.